Skrini ya Sita

Nilikwenda Matiliku kumzika Mwalimu Kilonzo kwa sababu nisingekwenda watu wangeuliza, nami sikuwa na jibu la kuwapa. Niliketi kwenye kiti cha plastiki, jua likipenya pembeni mwa hema, nikamsikiliza mpwa wake akisoma wasifu. Alisema marehemu alikuwa taa ya kijiji, alifungua chuo pale Tawa kwa pesa zake za kustaafu, alileta kompyuta wakati watu wengine walikuwa wanaogopa hata kugusa taipureta, na wanafunzi wake leo wametapakaa maofisini kila mahali. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Nilikuwa nimefundisha kompyuta katika chuo hicho, na kama palikuwa na mtu mle hemani ambaye angeweza kusimama aseme neno moja la kweli, ni mimi. Lakini neno lenyewe lingeniumbua mimi kabla ya kumuumbua yeye. Halafu marehemu hasemwi vibaya, ndivyo tulivyolelewa, na malezi mema yamewaficha wengi.

Baada ya maziko tulipanga foleni ya chakula, na aliyekuwa ameshika upawa kwenye sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, alikuwa Wayua. Nilimtambua kabla hajaniona na nikafikiria kutoka kwenye foleni. Nikachelewa. "Madam! Ni wewe kweli?" Amenenepa, amevaa aproni nyeupe safi, na sasa ana biashara yake ya kupikia watu harusini na matangani, kuanzia kwao Ikutha hadi huku Makueni, sufuria zake mwenyewe, viti vyake mwenyewe. Akawaita wasichana wake wa kazi: "Kujeni muone. Huyu ndiye alinifundisha kompyuta. Wekea madam nyama poa, si hizo mifupa." Wasichana wakanisalimu kwa heshima, mikono miwili. Nikaondoka na sahani iliyojaa, nikala yote, na nilikuwa na hasira naye. Ndiyo, naye. Ningependa sana kama angenitukana mbele ya watu. Kuheshimiwa na mtu uliyemkosea ni adhabu ambayo haina mwisho, na sidhani yeye anajua kwamba ananiadhibu.

Mwaka ninaousema ni tisini na tisa. Chumba cha kompyuta kilikuwa zamani kinu cha kusagia mahindi, na ingawa Mwalimu Kilonzo alikuwa amekipaka rangi ya buluu mara mbili, unga haukuisha. Ulitoka kwenye nyufa, ukatua juu ya kibodi, na kila asubuhi kabla ya somo tulipita na brashi ya rangi tukiupangusa kutoka kwenye mashine. Meza zilikuwa mbao za mninga zilizokuwa milango. Upande mmoja palikuwa na ofisi ya Mwalimu Kilonzo, tuliyotenganishwa nayo na ukuta wa plaiwudi ambao haukufika darini, kwa hiyo kila alichosema mle tulikisikia, na nadhani yeye alisahau jambo hilo au hakujali. Nje, mama mmoja aliuza isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na chai ya mkandaa dirishani kwetu, na saa nne harufu ya maharagwe ikiingia ndani, basi somo lilikuwa limekwisha, hata mimi mwenyewe nilikuwa sisomeshi tena. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimesoma kompyuta miezi tisa Nairobi na nilijiona fundi.

Tulikuwa na kompyuta nne. Mwezi wa tano ikaja ya tano, na hiyo ndiyo iliyotuharibia. Ilitoka kwa padri mzungu aliyekuwa anarudi kwao, aliyezoea kupanga kalenda ya parokia kwa kutumia skrini mbili, picha upande huu na maandishi upande ule. Ndani ya sanduku la mashine hiyo palikuwa na kadi mbili za picha. Kadi ya picha ni kibao chembamba kinachochomekwa ndani ya sanduku, na kazi yake ni kupeleka picha kwenye skrini. Mashine za kawaida zina kadi moja, hii ilikuwa na mbili, ndiyo maana skrini nazo zilikuwa mbili. Mwalimu Kilonzo mwenyewe ndiye aliyeifuata parokiani na pikapu. Ili zisivunjike njiani, alizichomoa zile kadi, akazifunga kwa gazeti kama mayai, na alipofika akazirudisha kwa bidii mahali palipoonekana panazitosha. Skrini moja ikawaka. Ya pili ikakaa nyeusi.

Lazima nieleze kosa la yule mzee, kwa sababu halikuwa la ujinga peke yake. Siku hizo nyumba nyingi za huku hazikuwa na stima. Mwenye televisheni aliiwasha kwa betri ya gari iliyowekwa sakafuni kando yake, na betri hiyo hiyo iliwasha redio na taa. Basi mtu akiona kompyuta aliona vitu viwili alivyokwisha kuvijua: kioo, na sanduku kando. Kioo ndicho chombo chenyewe. Sanduku ndilo betri. Siku ya kwanza nilipomwambia Mwalimu Kilonzo kwamba hiyo ni kompyuta moja yenye skrini mbili, alicheka kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mtoto. "Madam, betri moja si inawasha TV na redio, na kila mtu anasikiza yake? Hii sasa ina nguvu ya watu wawili. Padri aliniambia ni double." Nikasema si hivyo. Akasema, "Wewe washa tu hiyo ingine. Mambo ya hesabu uniachie." Na hesabu yake ilikuwa hii: nne na mbili ni sita. Mtihani wa vitendo wa mwisho wa mwaka ulidai kila mtahiniwa awe na kompyuta yake kwa saa tatu, wote waanze pamoja ili wasiambiane maswali. Alikusudia kuandikisha wasichana sita.

Wa sita kwenye orodha, kwa sababu ya herufi ya jina lake, alikuwa Wayua. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mkubwa kidogo kuliko wenzake, ametoka Ikutha na alikaa kwa shangazi yake nyuma ya soko. Mama yake alikuwa ameuza mbuzi ili aandikishwe, na alikuwa amesema wazi kwamba mbuzi wengine hawapo. Mwaka mmoja, mtihani mmoja. Nilimpenda yule msichana kwa sababu alikuwa mwepesi wa akili na hakuringa. Baada ya somo wenzake walikwenda kusukana nywele, yeye alibaki nami tukiuguza ile mashine. Alishika bisibisi, alikumbuka skrubu gani imetoka wapi, na alisoma kile kitabu cha maelezo cha Kizungu kwa sauti huku mimi nikiwa nimeingiza mikono ndani ya sanduku.

Tuliianza kwa akili ya kawaida. Tulibadilishana nyaya za skrini, tukajua skrini zote mbili ni nzima. Tulichomoa kadi moja tukaacha nyingine: ikawaka. Tukafanya kinyume: ikawaka. Kila kadi peke yake ilikuwa nzima kabisa, lakini ukiziweka pamoja moja ilikataa. Mama wa isyo, aliyekuwa akitutazama dirishani wiki nzima, akasema, "Fahali wawili hawakai zizi moja. Mtoe moja mle chakula." Tulicheka sana. Tulisugua meno ya kadi kwa kifutio cha penseli mpaka yakang'aa kama dhahabu. Tulizihamisha kutoka tundu hili hadi lile, maana kuna matundu yanayogombania njia moja, na kila mara tukiwasha Wayua aliweka kiganja chake juu ya ile skrini nyeusi kusikia kama imepata joto. Nasema kweli, sijawahi kufurahia kazi kama nilivyofurahia wiki zile. Nimefanya kazi nyingine nyingi tangu hapo, nimelipwa vizuri zaidi, na hakuna iliyonifanya niamke asubuhi nikiwa na haraka ya kuvaa viatu.

Alasiri moja tulifika kwenye ukurasa ulioeleza matumizi ya kadi mbili. Wayua alisoma polepole, kidole chini ya mstari, kwamba skrini zote mbili ni za mtumiaji mmoja, mwenye kibodi moja na kipanya kimoja, na kwamba meza ya kazi inakuwa pana tu. Kisha akauliza, "Madam, sasa mimi nitaandika na nini?" Nilikuwa nimeinama, sikumwona uso. Nakumbuka vizuri nilichojibu kwa sababu nimekijibu upya mara nyingi bila faida. Nilisema, "Tuwashe kwanza. Hayo mengine tutaona." Akafungua ukurasa uliofuata.

Orodha ya mtihani ilikuwa haijapelekwa. Ilikaa mezani kwa Mwalimu Kilonzo hadi Ijumaa. Ningeweza kuingia mle ofisini na kile kitabu, niweke kidole pale Wayua alipoweka chake, nikatae kutoka mpaka aelewe. Alikuwa mkaidi lakini alikuwa mwalimu, maandishi ya kitabu aliyaheshimu. Niliingia, kweli, siku ya Alhamisi. Nilisema, "Mwalimu, ile mashine ina shida kidogo upande wa kibodi." Akasema, "Shida ni ya kutatuliwa, Madam. Ama umeshindwa niite fundi wa Machakos?" Neno hilo, umeshindwa, lilinichoma. Nikasema sijashindwa. Nikatoka. Nilijua kwamba nikimweleza kila kitu atasema, basi achana nayo, chomoa hiyo kadi ya pili, na ile skrini nisingeiona ikiwaka maisha yangu yote. Nilitaka kuiona. Hiyo ndiyo sababu yote, na nimeizungushia maneno kwa miaka mingi.

Ijumaa nikasikia kupitia plaiwudi akizungumza na mwenyekiti wa soko, baba yake Kavata. Kavata alikuwa wa tano kwenye orodha, msichana mwenye moyo mwema na vidole vizito. "Chairman, usiwe na wasiwasi," Mwalimu Kilonzo alisema. "Mtoto yako atakaa kwa kompyuta yake peke yake, hakuna kusukumana. Ziko sita. Enda uhesabu." Na mwenyekiti akaingia akahesabu, kwa kidole, skrini sita. Nilikuwa nimesimama pale pale. Alinisalimu, nikamsalimu.

Wiki iliyofuata mama yake Wayua alikuja kutoka Ikutha na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Hakuketi. Alisimama mlangoni, akaangalia zile mashine kwa uangalifu, akaniuliza ya mwanawe ni ipi. Wayua akamwonyesha ile skrini nyeusi. "Inalala?" mama akauliza. Wayua akasema, "Madam anaiamsha." Mama akanikabidhi jogoo. "Mwalimu, mimi sikusoma. Huyu mtoto nimeweka kwa mkono yako." Nilimpika yule jogoo Jumapili, nikamla siku mbili, na nyama yake ilikuwa tamu.

Jibu la mashine, tulipolipata, lilikuwa dogo hata likanitia aibu. Mashine inapoamka, kabla ya kitu kingine chochote, kuna ukurasa wa buluu ambamo unaweza kuiambia ni kadi gani iamke kwanza. Moja ya zile kadi ilikubali kutangulia tu. Ikiamshwa ya pili, haiamki kabisa. Padri alikuwa amelipanga jambo hilo vizuri, lakini ndani ya sanduku kuna kabetri kadogo ka duara, kama ka saa, kanakotunza mipango hiyo, nako kalikuwa kamekufa. Niliweka mpango, skrini ikapepesa. Stima ikapotea, mpango ukafutika. Nilikwenda hadi Kitui mjini kutafuta kabetri hako. Nilikapata kwa Mama Halima, mwenye duka la saa na vitambaa, aliyekageuza kwenye kiganja na kuniuliza, "Hii ni ya saa gani?" Nikamwambia ni ya kompyuta. Akatikisa kichwa. "Hata hiyo inahitaji kujua saa?" Nilirudi Tawa nikiwa nimekashika mkononi njia nzima.

Tulikaweka kesho yake saa tano asubuhi, wasichana wote sita wakiwa wamesimama nyuma yangu. Skrini ya kwanza ikawaka. Ya pili ikakaa nyeusi kidogo, kisha yakatokea maandishi machache ya Kizungu yanayosema kwamba ukiweza kuyasoma haya, basi kadi hii imetambuliwa. Wayua aliyasoma kwa sauti na sauti ikamkatika. Tulipiga makelele hata mama wa isyo akaja mbio na mwiko mkononi. Mwalimu Kilonzo akatoka ofisini, akatazama, akasema tu, "Si nilisema," na akaagiza chai na mandazi kwa wote. Nilicheza, mimi, mwalimu mzima, katikati ya unga. Halafu Kavata akashika kipanya akakisukuma, na mshale ukatembea hadi ukingo wa skrini yake, ukavuka, ukatokea kwenye skrini ya Wayua. Wakacheka, wakadhani ni mchezo. Wayua hakucheka. Aligeuka akanitazama, nami nikamimina chai.

Kati ya siku hiyo na mtihani kulikuwa na miezi miwili. Sikusema kitu. Nilijiambia atapatikana mtu wa kutuazima kompyuta, nilijiambia Mwalimu Kilonzo ana mpango, maana hakuonekana na hofu hata kidogo. Sasa nadhani yeye pia alikuwa amekwisha kuelewa, na alikuwa akijiambia kwamba mimi nina mpango. Wayua alifanya mazoezi kwenye mashine za wenzake walipotoka kula. Alikuwa bora kuliko wote. Hakuniuliza tena.

Msimamizi wa mtihani alikuja na bahasha zilizofungwa, kijana mpole mwenye miwani, na ilimchukua muda mfupi sana kuona. Alitazama meza ya mwisho, akainama, akafuata nyaya kwa mkono. "Hii ni mashine moja," akasema. Mwalimu Kilonzo akaanza, "Lakini ina skrini..." na akaishia hapo. "Mashine moja ni mtahiniwa mmoja," kijana akasema. "Mimi siwajui hawa. Nyinyi ndio mchague." Mwalimu Kilonzo hakusema jina. Alinigeukia, akasema, "Madam, panga watu wako," akatoka nje kama mtu aliyeitwa na simu, na simu haikuwako.

Nilikuwa na nafasi ya kuchagua kwa haki. Wayua alikuwa amejiandaa, Kavata hangepita hata akipewa siku nzima, na sote mle chumbani tulijua. Lakini Kavata alikuwa ameshaanza kulia, na nyuma ya Kavata palikuwa na baba yake, ambaye angekuja na kelele, na kelele zingefika kwenye kile kitabu na kwenye ile Alhamisi. Wayua hangepiga kelele. Nilimchagua yeye atoke kwa sababu hiyo. Nilimwendea nikamwambia kwa sauti ya chini, sauti nzuri ya mwalimu, "Wayua, wewe unajua. Mpishe mwenzako, utafanya mwakani." Akasema, "Mwakani hakuna, Madam." Nikasema, "Najua." Hakubisha. Aliuliza tu kama anaweza kukaa kwenye kiti chake, kwa sababu jina lake lilikuwa limebandikwa kwenye meza, na msimamizi akasema akae, ila asiguse kitu.

Akakaa saa tatu. Mikono mapajani, mgongo wima, mbele yake ile skrini tuliyoiamsha pamoja, ikiwaka vizuri bila doa. Kavata alipopotea, na alipotea mara nyingi, mshale ulivuka ukaja ukazunguka mbele ya uso wa Wayua, nami nilimwona akiufuata kwa macho, akiona kosa, akijua dawa yake, na kutulia. Msimamizi akamwandika kuwa hakuhudhuria.

Muda ulipokwisha na disketi zikakusanywa, yule msimamizi alirudi kwenye meza ya mwisho akiwa sasa amelegea, kazi yake imekwisha. Akakisukuma kipanya mwenyewe, akautazama mshale ukivuka, akarudia. Alisema hata ofisini kwao Nairobi watu walikuwa wamejaribu kadi mbili wakashindwa. Akauliza ni fundi gani aliyeifanya kazi safi namna ile. Wasichana wakanionyesha. Wayua alikuwa bado kwenye kiti chake, hatua moja kutoka nilipokuwa. Kijana akanipa mkono, akasema, "Hongera sana, Madam."

Nikasema asante. Nikamweleza habari ya kadi ipi itangulie, na ya kabetri, yote, hatua kwa hatua, na nilipokuwa nikimweleza nilifurahi.